Mwenzi wa Njia na Mwenzi wa Mchezo: Urafiki na Tabia ya Vijana katika Nchi ya Buha

Neno "tabia" limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na shina lake ni lile lile lililotupa neno "matbaa", yaani mahali pa kupigia chapa. Maana ya asili ya shina hilo ni kutia alama juu ya kitu kilicho laini, kama muhuri utiwavyo juu ya nta, au juu ya udongo ungali mbichi. Basi mtu asemapo ya kuwa kijana fulani ana tabia njema, asema, hata kama hajui, ya kuwa kijana huyo amepigwa chapa, na ya kuwa chapa hiyo imekauka na kubaki. Yatupasa kuuliza: ni nani aupigaye muhuri huo? Wazazi wana sehemu yao, na mwalimu ana yake. Hayo yamekwisha kuandikwa na wengi. Lakini kijana wa miaka kumi na miwili hata kumi na minane hutumia saa nyingi pamoja na wenziwe, pengine nyingi kuliko zile akaazo na watu wazima, na sehemu kubwa ya saa hizo hupita kiwanjani. Katika makala hii twataka kuchungua jambo hilo jinsi lilivyo katika nyanda za juu za Kigoma, yaani Kakonko, Kibondo na Kasulu. Tutaanzia katika maneno, kwa kuwa mara nyingi maneno ya watu huhifadhi mawazo ambayo wenyewe wamekwisha kuyasahau.

Nchi hiyo ndiyo Buha ya zamani. Ilikuwa na watawala kadhaa, kila mmoja akiitwa Mwami, na majina ya himaya zao yangali yakisikika: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, na Buyungu upande wa Kakonko. Wilaya ya Kakonko yenyewe ni changa, maana ilimegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Lakini jina la Buyungu halikufa, kwani lilipata kuwa jina la jimbo la uchaguzi la huko. Wenyeji ni Waha, na lugha yao, Kiha, ni ndugu wa karibu sana wa Kirundi na Kinyarwanda, hata Mha wa Kakonko na Mrundi wa ng'ambo ya mpaka husikilizana bila mkalimani. Msomaji aliweke jambo hilo akilini, kwani tutalirudia.

Sasa, katika Kirundi rafiki huitwa umugenzi. Neno hilo latoka katika kitenzi kugenda, ambacho Mswahili hana haja ya kufasiriwa. Na ukivuka kidogo kwenda Kinyarwanda, neno hilo hilo umugenzi lina maana ya msafiri, mtu apitaye njiani. Kiswahili nacho, kwa njia nyingine kabisa, kimefika pale pale: "rafiki" ni neno la Kiarabu, na kwa Waarabu maana yake ni mtu mnayeandamana naye, wana methali ya kuwa mtu amchague rafiki kwanza ndipo aichague njia. Lugha hizo mbili hazina udugu, wala Mrundi hakumwuliza Mwarabu. Walakini wote wawili walipotaka jina la mtu huyu hawakumwita yule akupendezaye, wala yule mfananaye naye, wala yule akusifuye. Walimwita yule mwendaye naye.

Sababu yake si ngumu kuiona kwa mtu aliyepata kutembea mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Nyumbani mtu aweza kuificha tabia yake, maana ana mlango wa kufunga. Njiani hana mlango. Jioni maji yakiwa haba, huonekana nani anywaye kwanza. Mwenzao akichomwa na mwiba, huonekana nani amgojaye na nani asemaye, "Tutakutana mbele." Mzigo wa pamoja hauna mwenyewe asubuhi, na mtu hujulikana kwa namna autazamavyo. Waha walikuwa na safari za namna hiyo tangu kale. Wakati wa kiangazi watu wa Buha na wa nchi nyingine nyingi walishuka mpaka chemchemi za chumvi za Uvinza, karibu na mahali mto Ruchugi uingiapo katika Malagarasi. Wachimbuzi wa mambo ya kale wameonyesha ya kuwa chumvi imepikwa pale kwa muda wa zaidi ya miaka elfu moja. Kazi ya kuipika ilitaka kuni nyingi, vyungu na mikono ya watu wengi, na chumvi ikishapatikana ilibaki safari ya kupanda milima kurudi, mzigo kichwani. Kijana aliyekwenda Uvinza akarudi alikuwa amepimwa, na waliompima walikuwa ni wenziwe.

Baadaye, katika siku za ukoloni, ikaja safari ndefu zaidi, safari ya mkonge. Waha walikuwa miongoni mwa watu walioandikwa kwa wingi kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Tanga na Morogoro, na mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandika watu, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Wafanyakazi hao waliitwa "manamba", kwa kuwa kila mmoja alikuwa na namba yake. Tufikiri maana ya jambo hilo. Kijana ambaye kwao alikuwa mwana wa fulani, wa ukoo fulani, sasa ni namba katika daftari; lugha yake yachekwa, na hata neno "Mha" lenyewe katika vinywa vya wengine likawa kama tusi. Aliyemjua kwa jina lake ni yule tu aliyetoka naye kijijini. Akiugua, huyo ndiye wa kumchotea maji. Akifa, huyo ndiye wa kuwaambia wazazi. Twadhani hakuna mahali palipolieleza neno umugenzi vizuri kuliko kambi za mkonge.

Wala watu wa kale hawakuridhika na urafiki wa maneno tu. Katika Kirundi na Kinyarwanda kuna kitenzi kunywana, ambacho ni kunywa kwa kutiwa ile -ana ya kutendana. Jambo lenyewe ndilo liitwalo kwa Kiswahili kuchanjiana: watu wawili wasiokuwa ndugu walichanjana, kila mmoja akaonja damu ya mwenziwe, na tangu siku hiyo walikuwa ndugu wasioweza kusalitiana, wala mmoja kumnyima mwenziwe chakula au mahali pa kulala. Desturi hiyo imeachwa, na katika siku zetu, tukijua magonjwa yapitayo katika damu, ni vema imeachwa. Neno limebaki. Siku hizi huko Burundi mwanachama wa chama cha siasa huitwa umunywanyi, ingawa aliyoinywa ni soda ya mkutano tu.

Yako mengine ya namna hiyo, kama vile desturi ya kupeana ng'ombe, ambayo yataka makala yake peke yake; hapa twalitaja jambo moja tu. Katika nchi hizi pombe ya ndizi au ya mtama ilinywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja. Mtu aliyevuta kwa pupa alionekana na wote, na Kiswahili kina neno lake: mchoyo. Tutalikuta neno hilo tena mahali ambapo msomaji hakulitazamia.

Kijana wa leo wa Kakonko haendi Uvinza kwa miguu kutafuta chumvi. Chumvi i dukani. Akienda Kigoma au Mwanza hupanda basi, na jirani yake katika kiti hamjui, wala hawana haja ya kujuana. Basi ile shule ya njiani imefungwa, na lazima tuulize ni nini kilichoshika mahali pake. Twaona ya kuwa, kwa sehemu kubwa, ni kiwanja cha mpira.

Hapa pia maneno yatusaidia. Kiswahili chasema "kucheza mpira" na "kucheza ngoma" kwa kitenzi kimoja, ambapo Kirundi hutenga gukina, yaani kucheza mchezo, na kuvyina, yaani kucheza ngoma. "Mpira" hapo kwanza ni jina la ule utomvu unaovutika na la mti uutoao. Kisha likawa jina la kile kitu kidundacho. Kisha likawa jina la mchezo wote. Na ajabu ni kwamba watoto wengi wa Buha hujifunza mpira kwa kitu kisicho na mpira hata kidogo, yaani matambara na mifuko ya nailoni iliyofungwa kwa kamba za mgomba. Mchezo huo wa uwanja usio na mistari, wenye magoli ya mawe mawili, huitwa chandimu. Hauna refa. Kwa hiyo wachezaji wenyewe yawapasa kukubaliana kama mpira umetoka au haukutoka, na asiyekubali kamwe atajikuta kesho yake hakuitwa. Sisi twauthamini mchezo huo kuliko wengi wanavyouthamini, maana mwenye filimbi akiwapo mtoto hujifunza kumtii mwenye filimbi, na filimbi isipokuwapo hujifunza kusema kweli hali ikimdhuru.

Kiongozi wa timu huitwa "nahodha". Neno hilo lina asili ya Kiajemi na limekuja na bahari. Ni mkuu wa chombo. Waha wa milimani, wasio na jahazi, wamelipokea kwa sababu ya mpira, na halikupoteza maana yake. Nahodha hapigi makasia yote, wala hawezi kushuka safari ikiwa mbaya.

Sasa tufike kwenye neno tuliloliahidi. Mchezaji ashikaye mpira miguuni na kuwapiga chenga watu watatu, hali mwenziwe amesimama peke yake mbele ya goli, huitwa mchoyo. Neno lile lile la mtu aliyevuta pombe kwa pupa. Hakuna aliyekaa akaamua litumiwe hivyo. Lilijileta, kwa sababu watu waliona ni kosa moja. Mpira ni mmoja, wachezaji ni kumi na mmoja, na kila mmoja anautamani. Ni chungu kimoja na mirija mingi. Watoto wadogo wote huanza kwa kukimbilia mpira kama nyuki, na Waingereza wenyewe katika miaka ya mwanzo ya mchezo huu, baada ya sheria zake kuandikwa mwaka 1863, walisifu zaidi chenga za mtu mmoja. Kupeana mpira kwa utaratibu kulijulikana hasa kwa Waskoti katika miaka ya 1870. Tendo hilo, ambalo vijana wetu huliita kupasi, lataka mambo mawili kwa pamoja: kumwona mwenzako, na kukubali ya kuwa goli litaitwa kwa jina lake.

Katika jambo hilo mpira wa pete wa wasichana ni mwalimu mkali zaidi. Sheria yake yasema ya kuwa aliyeudaka mpira haruhusiwi kukimbia nao, na asikae nao kupita sekunde tatu. Hawezi kuwa mchoyo hata akitaka. Tena kila mmoja wa wale saba ana sehemu yake ya uwanja asiyoruhusiwa kuitoka, na wawili tu ndio wawezao kufunga. Msichana achezaye katikati aweza kucheza mwaka mzima asifunge goli hata moja, na bado timu isiweze kuishi bila yeye. Twasikia mara nyingi watu wakisema ya kuwa mpira wa pete ni mchezo wa kuwapitishia wasichana wakati, hali wavulana wakijifunza mambo. Wasemao hivyo hawajaitazama sheria yake.

Lakini kwa maoni yetu saa kubwa ya kumpiga chapa kijana haipatikani katika ushindi wala katika pasi. Ni nusu dakika baada ya kosa. Mlinda lango ameachia mpira mwepesi ukampita. Watu wa kando wanapiga kelele. Wenziwe kumi wako mbali naye, nao wamechoka. Katika nusu dakika hiyo, ama mmoja wao atamwendea na kumgusa bega, ama wote watamgeuzia migongo na kuinua mikono juu ili watazamaji wajue ya kuwa kosa si lao. Mtoto aliyeguswa bega atajifunza jambo moja, na mtoto aliyegeuziwa mgongo atajifunza jingine. Na wale kumi pia wanajifunza. Mkoa huu, uliomzaa Juma Kaseja, aliyelinda lango la Simba, la Yanga na la Taifa Stars, hauna haja ya kuelezwa ya kuwa mlinda lango ni mtu aishiye kwa makosa yake kuonekana. Sheria za mpira hazisemi neno juu ya nusu dakika hiyo. Ni sehemu ya urafiki tu, na kama urafiki haukuwapo kabla ya mchezo, filimbi haiwezi kuuleta.

Hapo ndipo tunapotofautiana na wale wasemao kwa wepesi ya kuwa "michezo hujenga tabia". Mchezo wa timu hufundisha kwa hakika uaminifu kwa walio wetu. Lakini uaminifu kwa walio wetu si wema wote. Hata wezi wanao. Timu ikiwa ndiyo kitu cha pekee kinachowaunganisha vijana, yaweza kuwafundisha vilevile kumchukia aliye wa pili.

Jambo hilo lilijaribiwa huko Marekani, na matokeo yake yafaa kusimuliwa kwa kirefu, kwa kuwa husimuliwa mara nyingi nusu tu. Mwaka 1954 mtaalamu Muzafer Sherif, mzaliwa wa Uturuki, aliwachukua wavulana 22 wa miaka kama 11, wasiojuana, mpaka kambi moja msituni katika jimbo la Oklahoma. Walikuja katika makundi mawili, na kwa siku za kwanza kila kundi halikujua ya kuwa kuna jingine. Kila moja likajipa jina, moja Rattlers na jingine Eagles. Kisha wakakutanishwa katika mashindano ya besiboli, ya kuvutana kamba na mengineyo, zawadi ikiwa kwa kundi litakaloshinda. Siku chache hazikupita, wakachomeana bendera, wakavamiana usiku katika vibanda vyao, wakakataa hata kula mahali pamoja. Hawakuwa watoto wabaya. Walikuwa wamechaguliwa kwa uangalifu kutoka nyumba za watu watulivu. Kilichowapatanisha haikuwa hotuba. Maji ya kambi yaliziba, ikawa lazima wote watafute penye kasoro. Na mara moja gari la chakula likakataa kuwaka, nao wakalifunga kamba na kulivuta wote kwa pamoja. Kamba hiyo ilikuwa ile ile waliyoshindania kuivuta, kundi kwa kundi.

Nusu isiyosimuliwa sana ni hii. Mwaka mmoja nyuma, 1953, Sherif alikuwa amejaribu jambo hilo hilo katika jimbo la New York, na halikufaulu. Safari ile wavulana wote walikaa pamoja kwanza, wakazoeana na kufanya urafiki. Ndipo wakagawanywa katika timu mbili na kushindanishwa. Wakubwa wa kambi walifanya hila za kuwagombanisha, lakini wavulana hawakugombana kama ilivyotazamiwa, bali waliwashuku wakubwa wenyewe, na jaribio likavunjwa. Habari hizo zilielezwa kwa urefu na mwandishi wa Australia, Gina Perry, katika kitabu chake cha mwaka 2018. Basi tukiyaweka majaribio hayo mawili pamoja twapata neno kubwa: pale timu ilipotangulia urafiki, mchezo ulizaa vita; pale urafiki ulipotangulia timu, mchezo ulibaki mchezo. Methali ya Waarabu ilikuwa imekwisha kusema hivyo juu ya rafiki na njia.

Wazee wetu nao walikuwa na dawa ya jambo hili, nayo ni utani. Wataalamu wameuandikia sana, R. E. Moreau alitoa makala juu ya utani wa makabila ya Tanganyika mwaka 1944. Watu wa makabila mawili waliopata kupigana, au waliokutana kila mwaka katika njia ya msafara, kama Wanyamwezi na Wazaramo, walipewa ruhusa ya kutukanana na kunyang'anyana vitu vidogo bila mtu kukasirika. Na mmoja akifiwa, mtani wake ndiye wa kwanza kufika kusaidia maziko. Utani haukuufuta ushindani. Uliupa mahali pa kukaa na ukauwekea wajibu.

Si bure, basi, kwamba Watanzania walipotafuta jina la Simba na Yanga waliwaita "watani wa jadi". Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikazaliwa klabu ambayo tangu 1971 huitwa Simba. Husimuliwa ya kuwa walioiunda walikuwa wenzi waliotengana na wenzi. Tarehe 25 Julai 2021 watani hao walikutana Kigoma, katika Uwanja wa Lake Tanganyika, katika fainali ya Kombe la Shirikisho, na Simba ikashinda goli 1 kwa 0. Baadaye, mwaka 2023, Mashujaa ya Kigoma ilipanda Ligi Kuu, na mkoa ukawa na timu yake ya kushangilia. Lakini jina la utani lina deni ndani yake. Kijana amtukanaye mshabiki wa pili asubuhi, na siku ya msiba wake haendi, si mtani. Ni mtukanaji tu. Siku hizi, ambapo vijana wengi huufuata mpira kwa ajili ya fedha walizoziweka katika kubashiri matokeo, twaogopa deni hilo linasahauliwa upesi, maana aliyepoteza fedha hana mzaha.

Kuna mahali pengine katika Afrika Mashariki ambapo watu wameutia wajibu huo katika ligi yenyewe. Huko Mathare, Nairobi, chama cha Mathare Youth Sports Association kilichoanzishwa mwaka 1987 kiliweka sheria ya kuwa timu hupata alama katika msimamo wa ligi kwa kuzoa taka za mtaa, mbali na alama za ushindi. Yaani alama alizoshindwa kuzipata miguuni mtoto aweza kuzipata kwa koleo, na mtaa ukasafika.

Tuyarudie sasa mambo ya Kakonko. Wilaya hiyo iko mpakani, na mara kwa mara imepokea watu waliokimbia vita vya Burundi. Baada ya mwaka 1993 palikuwa na kambi za Kanembwa na Mtendeli. Mtendeli ikafunguliwa tena Januari 2016, baada ya machafuko ya mwaka 2015, na ikafungwa mwisho wa mwaka 2021, waliobaki wakahamishiwa Nduta, Kibondo. Wenyeji na wageni walisikilizana lugha, walikuwa na desturi zilizofanana, na wote waliujua mpira. Walakini kulikuwa na ugomvi, hasa juu ya kuni, maana msitu ni mmoja. Katika hali ya namna hiyo watu wenye nia njema husema, "Tuwape mpira wacheze, watapatana." Nao huita mchezo huo "mechi ya kirafiki". Twaomba maneno hayo yapimwe. Timu ya kambi ikicheza na timu ya kijiji, watu wasiojuana, huku kila upande ukishangilia walio wake, hilo ni jaribio la Oklahoma, hata likiitwa la kirafiki. Kama watu wale wangechanganywa kwanza, wa kambi na wa kijiji katika kila timu, nahodha huku akiwa Mha na huku Mrundi, lingekuwa ni jambo jingine kabisa, wala halikuhitaji fedha zaidi. Lilihitaji jezi zile zile zigawanywe namna nyingine.

Katika mashule yetu mpango wa namna hiyo uko tayari, ingawa waliouweka huenda hawakuufikiria kwa sababu hizi. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi, na ya UMISSETA kwa sekondari, hupanda kwa ngazi. Shule hushindana na shule. Kisha wachezaji bora huchaguliwa na kuwa timu moja ya wilaya. Wilaya zikishindana, walio bora huwa timu ya mkoa, nayo huenda kushindana na mikoa mingine. Basi msichana wa Kakonko aliyeshindwa na msichana wa Kibondo katika mpira wa pete, na kulia, aweza kujikuta wiki chache baadaye yuko naye katika timu moja ya Kigoma, analala naye katika bweni moja, na sekunde tatu zikikaribia kwisha hana mwingine wa kumpa mpira ila yeye. Aliyekuwa adui ni mwenzi, na ni wale wale. Twajua vitabu vingi vya maadili visivyoweza kufanya kazi hiyo.

Kasoro ni moja, nayo yaweza kurekebishwa bila waraka wowote kutoka wizarani. Katika shule nyingi chakula cha wageni hutolewa baada ya mchezo. Walioshinda hula kwa kelele, na walioshindwa huketi upande wao wakingoja gari. Twawashauri walimu wa Kakonko, Kibondo na Kasulu wakibadili chakula hicho kiwe kabla: timu zifike asubuhi, watoto waketi wamechanganyika, kila sinia la ugali na maharage likiwa na watoto wa shule zote mbili, wajuane majina, mpira uanze jua likipungua. Wapishi watalazimika kuamka mapema zaidi siku hiyo, na kuni zitafutwe tangu jana yake.